Mlango wa Kumi na Moja

Koti lilikataa kupita mabegani mwa mwalimu wa hesabu. Lilifika nusu ya mgongo, likakwama, naye akabaki ameipeleka mikono nyuma kama mtu aliyekamatwa, huku waigizaji wenzake waliokaa kwenye viti vya plastiki wakianza kucheka kwa chini.

"Vuta pumzi ndani, mwalimu," alisema mmoja wao. "Na hilo tumbo Jumamosi uliache nyumbani."

"Tumbo lina kosa gani? Hapa ni mabega," mwalimu alijitetea. "Mama Pindo, hivi ulinipima mimi au ulimpima mwanafunzi wangu?"

Mama Pindo hakucheka. Alikuwa amepiga goti nyuma yake, pini tatu zikiwa zimebanwa midomoni. Alikuwa ameshona kwa miaka thelathini, na jina hilo alipewa na wateja kwa kuwa pindo lililopita mikononi mwake halikuwahi kufumuka. Hakuna aliyekumbuka siku aliyokosea kipimo hata kwa upana wa kidole, seuze kwa upana wa kiganja. Alikuwa amempima mwalimu Jumatatu, humu humu ukumbini, akaziandika namba kwenye karatasi. Kisha akaenda nyumbani, akatandaza kitambaa cha kahawia mezani, akashika chaki na kuchora bila kuitazama karatasi. Sasa alijua ni mabega ya nani aliyoyachora.

"Nimekosea," alisema baada ya kuzitoa pini mdomoni. "Livue taratibu, usije ukanipasulia bitana."

Mwongozaji wa mchezo alisogea. Alikuwa binti wa chuo kikuu mwenye miwani minene, na mtaa ulikuwa umeshambatiza jina la Dada Miwani. Kwapani alibana jalada lenye kurasa arobaini zilizopigwa chapa, nazo kurasa hizo zilikuwa maisha ya Mama Pindo.

"Mama, yule mume anatoka na koti hili onyesho la tatu," alisema kwa upole. "Bila koti, onyesho la tatu halipo."

"Utalipata."

Yule mume. Mama Pindo alikwisha kuzoea. Kwenye kurasa zile mume wake alikuwa yule mume, na yeye mwenyewe alikuwa yule mke, na siku moja aliwahi kuelekezwa, kwa heshima zote, kwamba kilio chake cha kweli kilikuwa kifupi mno kwa jukwaa.

"Hebu nipeni mimi kabla halijafumuliwa," ilisikika sauti kutoka juu. "Pengine mwalimu analisingizia tu."

Alikuwa mwanawe, fundi umeme, aliyekuwa kileleni mwa ngazi akifunga taa. Alishuka akifuta vumbi mikononi, akalichukua koti, akalivaa. Lilimkaa mabegani kama maji yanavyokaa ndani ya mtungi. Mzee aliyekuwa akifagia ukumbi alisimamisha ufagio. Waigizaji, ambao wengi wao walizaliwa baada ya vita, walipiga makofi. Yule mzee hakupiga.

"Mama, mbona limenikaa hivi?" kijana aliuliza, akijigeuza kama wanavyojigeuza watu dukani. "Kumbe ulikuwa unanishonea kwa siri?"

"Livue, baba. Lina pini."

Halikuwa na pini hata moja.

Dada Miwani alimvuta Mama Pindo hadi nyuma ya pazia. "Anajua?"

"Anajua ukuta."

"Na chokaa?"

Mama Pindo aliikunja futi yake ya kupimia, akaikunjua, akaikunja tena.

"Mama, tulipokuwa tunaandika uliniambia mwanao ana mkataba mji mwingine mpaka mwisho wa mwaka."

"Mkataba umekatika. Angekaa huko afanye nini?"

"Leo Jumatano. Ijumaa tunafanya mazoezi kamili, na taa za onyesho la chokaa atawasha yeye kwa mkono wake." Dada Miwani alivua miwani yake, na macho yake yakaonekana madogo na ya kitoto. "Mwambie, mama. Nakuomba. Asije akaisikia kutoka kwa mwalimu wa hesabu."

 

Alichokijua kijana kilikuwa kweli, naye alikipenda. Alijua kwamba wakati wa vita, wale ambao babu zao walitoka ng'ambo ya mto walianza kutolewa majumbani mwao na kutorudi, na kwamba baba yake, seremala, alichukuliwa adhuhuri moja akiwa amevaa koti la kahawia. Alijua pia kwamba rafiki wa baba yake, mwashi aliyejenga naye nusu ya nyumba za mtaa, mmoja akisimamisha kuta na mwingine akiezeka, alipita uani siku hiyo hiyo, akawachukua mama na mtoto wa miaka minne, akawaingiza chumbani kwake na kujenga ukuta mpya mbele yao. Walikaa nyuma ya ukuta huo siku kumi na tisa. Chakula, maji na habari vilipitia tundu la tofali moja.

"Mimi nilijengewa ukutani nikiwa hai," alizoea kuwaambia wenzake kazini, na kila aliposimulia aliongeza kwamba ndiyo sababu akasomea umeme: aliujua mwanga tangu ulipokuwa na ukubwa wa tofali.

Mwashi huyo mtaa mzima walimwita Mzee Timazi, kwa ajili ya kile chuma chenye uzi alichotembea nacho mfukoni cha kupimia unyoofu wa kuta, na kwa sababu hakuuacha ukuta upite bila kukitundika. Kijana alimwita baba mkubwa. Kwa miezi minne sasa walikuwa wakijenga pamoja nyumba ya kijana, chumba na sebule, katika kiwanja kidogo nyuma ya shule. Kuta zilikuwa zimebakiza mistari michache ya matofali kufika kwenye linta, mkanda wa zege juu ya milango na madirisha.

Alhamisi asubuhi Mzee Timazi alipita kwenye chumba cha kushonea, kama alivyopita kila Alhamisi, akasimama kizingitini. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kuketi bila kuambiwa keti, na Mama Pindo mara nyingi alisahau kumwambia. Au hakusahau.

"Nimesikia koti limekataa," mzee alisema.

"Mtaa huu hauna siri."

"Nimesikia pia limemkaa nani."

Mama Pindo aliendelea kukanyaga cherehani mpaka mwisho wa mshono, akakata uzi kwa meno. "Keti, mzee."

Mzee aliketi ukingoni mwa benchi, kofia yake ikiwa magotini. Mikono yake ilikuwa mikubwa, na saruji ilikuwa imeingia katika mistari ya viganja ikakaa humo kama wino.

"Nina ombi," Mama Pindo alisema. "Mwambie yule binti aitoe chokaa kwenye mchezo. Wewe ukimwambia atakubali. Abakize ukuta. Ukuta peke yake unatosha kuwaliza watu."

"Unatosha. Hapo ndipo penye shida."

"Shida gani?"

"Ukiitoa chokaa, nabaki mtu mwema. Tena mbele ya ukumbi uliojaa. Watanipigia makofi, na mimi makofi hayo nitayaweka wapi?"

"Na mimi macho ya mwanangu nitayaweka wapi?"

Mzee aliigeuza kofia. Nje, mtu alipita akisukuma mkokoteni wenye gurudumu linalolia, nao wakamngoja apite kana kwamba angewasikia.

"Nilipomzika mdogo wangu aliyekufa vitani," mzee alisema, "nilitaka kila mlango wa watu wa ng'ambo ulie kama wetu ulivyolia. Wale wenye silaha waliponijia na orodha, wakaniambia mimi nina chokaa na brashi na ninaijua mitaa, niiwekee alama milango ya watu wa kuchukuliwa, sikuisoma orodha. Milango niliijua kwa mikono. Kumi niliipaka nikiwa na hasira. Nilipofika wa kumi na moja hasira ilikuwa imekwisha, mkono ukaendelea tu. Hakuna aliyekuwa akinitazama. Ningeweza kuupita."

"Uliyasema hayo kwenye baraza la upatanisho, watu wote wakisikia. Sikukuomba uyarudie hapa."

"Samahani. Basi nimwambie mimi. Mchana tutakuwa wote kiwanjani."

"Hapana." Mama Pindo aliweka mkono juu ya gurudumu la cherehani, ingawa lilikuwa limekwisha kusimama. "Wewe ulisema mbele ya watu. Aliyerudi nyumbani akafunga mdomo ni mimi. Nitamwambia mimi."

 

Alimwita aje kula mchana. Kijana aliingia na viatu vyenye saruji, akavivua mlangoni bila kuambiwa, akaanza kuzungumza kabla hajanawa: kwamba Jumapili wangefunga linta, kwamba baba mkubwa amekataa nondo za yule mwenye duka kwa kuwa zina kutu, kwamba wakigombana hivyo kila siku nyumba itakuwa na maneno mengi kuliko matofali. Mama Pindo alimpakulia. Koti la kwanza lilikuwa limetundikwa msumarini karibu na mlango. Juu ya meza lilikuwepo la pili, kubwa, la mwalimu wa hesabu, likiwa na mkono mmoja.

"Lile si la mwalimu," alisema. "Ni la baba yako. Nilikata bila kufikiri."

"Nilihisi." Kijana alitabasamu. "Yule mzee wa ufagio alinitazama kama amekutana na jini."

"Katika mchezo kuna kitu hukijui."

"Nina karatasi ya taa, mama. Onyesho la pili, mtu anapaka milango chokaa, nafifisha taa. La tatu, baba anatoka. La nne, ukuta. Nakijua chote."

"Karatasi yako imeandika mtu. Haikuandika ni nani."

Alimweleza kama anavyofumua nguo, mshono mmoja baada ya mwingine, akianzia nje: chokaa, kisha milango na idadi yake, kisha ule wa mwisho ulikuwa wa nani, na kwamba yeye mwenyewe aliuona mstari mweupe asubuhi ile alipotoka kuanika nguo akadhani ni utundu wa watoto, akaufuta nusu kwa kitambaa akaenda zake. Mkono ulioshika brashi aliuacha mwisho. Alipoutaja, kijana alikuwa ameshika tonge, naye alilirudisha kwenye sahani, kwa adabu, pale pale alipolitoa.

"Umejua lini?"

"Miaka kumi na mitatu. Alisimama barazani akajisema mwenyewe kabla hajatajwa na mtu. Wewe ulikuwa bweni."

"Watu walikuwa wangapi barazani?"

"Baba, hilo si—"

"Wangapi, mama?"

"Walijaa."

"Kwa hiyo mtaa mzima unajua isipokuwa mimi." Alisema polepole, kama mtu anayefuata waya ukutani ajue unakotokea. "Miaka kumi na mitatu ninamwita baba mkubwa mbele ya watu wanaojua. Walikuwa wakinicheka?"

"Hakuna aliyecheka."

"Basi walinihurumia. Bora wangecheka." Alisimama. "Na wewe ukaniacha nimbebee saruji."

"Alitutoa, baba. Siku kumi na tisa alitulisha. Wangemkuta, wangemuua pamoja na sisi."

"Najua. Mimi ndiye ninayeisimulia hiyo kila siku." Akainama kuvaa viatu, na vidole vyake vilishindwa kufunga kamba mara mbili. "Umeniacha niisimulie."

Mama Pindo alimfuata kwa mbali, kitambaa cha kichwa kikiwa mkononi. Aliona kutoka barabarani. Mzee Timazi alikuwa juu ya jukwaa la miti, mwiko mkononi, na alipomwona kijana akija kwa mwendo ule aliuweka mwiko chini, akavua kofia. Kijana aliufungua uzi uliokuwa umevutwa kutoka pembe hadi pembe, ule unaoongoza matofali, akauzungusha vidoleni mpaka ukaisha, akautia mfukoni, akaondoka. Mzee alibaki juu ya ukuta usio na mstari, na saruji iliyokwisha kuchanganywa ikakauka kwenye ndoo.

 

Jumamosi alasiri, mlangoni mwa ukumbi, palikuwa na msichana mwenye orodha.

"Jina lako silioni, mama."

"Mimi ni wa mchezo."

"Unaigiza?"

Mama Pindo alifikiri. "Nimeshona," alisema.

"Aa, basi washonaji wanapita mlango wa nyuma. Hapa ni wageni."

Alizunguka nyuma bila kubisha. Mlango huo ulimfikisha pembeni mwa ukumbi, chini ya meza ya juu alipokaa mwanawe na swichi zake. Kijana alimwona, akamsogezea stuli kwa mguu. Ijumaa yote alikuwa amefanya kazi hivyo: hakukosea taa hata moja, na hakula nyumbani. Dada Miwani alipomuuliza kama yuko sawa, alimjibu kwamba kazi ni kazi.

Viti vilijaa, watu wakasimama kando ya kuta. Mzee Timazi alikaa safu ya pili, katika shati lililopigwa pasi na mtu asiyejua kupiga pasi. Mkewe alikuwa amefariki miaka mingi. Viti viwili, kimoja kila upande wake, vilibaki wazi, na watu waliokosa nafasi walivitazama wakaendelea kusimama.

Onyesho la pili lilianza. Mwigizaji aliyemwigiza mwashi aliingia na ndoo na brashi, akapita mlango kwa mlango, milango ya mbao nyepesi iliyosimamishwa jukwaani. Karatasi ilisema taa zififie hatua kwa hatua, ili mlango wa mwisho upakwe katika kivuli. Zilififia kwa mlango wa saba, wa nane, wa tisa, wa kumi. Kisha mkono wa kijana ukapanda kwenye swichi, na mlango wa kumi na moja ukapakwa katika mwanga mkali kuliko wote, hata tone la chokaa lililodondoka kutoka kwenye brashi lilionekana mpaka safu ya nyuma. Dada Miwani aligeuka kutazama juu. Mwigizaji alisita, mkono ukiwa hewani, akajikuta hana pa kujificha, akaumaliza mstari. Mwanga uliojaa ulimwagikia safu za mbele, na Mzee Timazi akaonekana amekaa ndani yake na mikono juu ya magoti, uso wake haukugeuka.

Mwalimu wa hesabu alitoka na koti lake kubwa. Hakuigiza vibaya. Alipofika mlangoni aligeuka, akagusa kifungo cha juu kuona kama kimefungwa, jambo ambalo Mama Pindo hakukumbuka kumsimulia mtu yeyote. Mama Pindo alifumba macho mpaka onyesho likapita.

Ukuta ulijengwa. Tundu la tofali moja likawashwa kwa nyuma, nao ukumbi ukaanza kulia. Baraza likaja, na mwashi akajisema. Miaka minne ya ukimya ikapita kwa mtu mmoja kuvuka jukwaa akiwa na kalenda. Likabaki onyesho la mwisho, ambalo Mama Pindo na Dada Miwani walibishana juu yake siku tatu: mwashi juu ya paa la mjane akiziba mabati bila kuombwa, kama alivyofanya kila mwaka kabla ya mvua, na mjane chini, aliyekuwa kila mara akiingia ndani na kufunga mlango. Safari hii ngazi inaanza kuteleza. Mjane anaishika. Mwisho.

"Mama, watu hawatalia kwa ajili ya ngazi," Dada Miwani alikuwa amesema. Hatimaye alikubali.

Lakini binti wa duka la dawa, aliyemwigiza mjane, alikuwa amesikia ukumbi mzima ukilia, na kilio kikamchukua. Aliishika ngazi. Mwashi akashuka. Na binti, mashavu yakiwa yamelowa kwelikweli, akafungua mikono akamkumbatia, na ukumbi ukasimama kwa makofi yaliyotikisa mabati.

Kijana aliinama kutoka mezani. Ilibidi asogeze mdomo sikioni mwa mama yake.

"Ulimkumbatia?"

"Sikumkumbatia."

"Ulifanya nini?"

"Nilishika ngazi."

"Kwa nini?"

Kwa siku mbili alikuwa akitafuta maneno ya kumwambia, mazuri, yenye kueleweka, na sasa likaja moja tu.

"Angeanguka," alisema.

Kijana alimtazama kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kumtazama, halafu akarudi kwenye swichi zake, kwa sababu Dada Miwani alikuwa jukwaani akiomba taa zote ziwashwe. Mama wa kweli yumo humu, alikuwa akisema, mama wa kweli aje mbele. Mama Pindo akapandishwa. Mgeni rasmi akamshika mkono mbele ya wapiga picha, akatangaza kwamba msamaha wa mama huyu ni mfano kwa taifa, akamkabidhi shada la maua ya plastiki. Mwanamke mmoja wa safu ya mbele alimng'ang'ania kiganja akilia. "Mimi nisingeweza," alimwambia. "Wewe una moyo wa peke yako."

Mama Pindo alitazama safu ya pili. Sasa vilikuwa viti vitatu vilivyo wazi.

 

Mchezo ulialikwa miji mingine. Mavazi ya mchezo yalisafiri, lile koti la kwanza likabaki msumarini, Mama Pindo hakusafiri. Alisema ana wateja. Kijana alirudi kula nyumbani baada ya juma moja, akisema yanayohitajika: chumvi, asante, mama kesho nitachelewa. Mzee Timazi hakupita tena siku za Alhamisi. Ila kila asubuhi watoto wa shule walimwona amekaa juu ya rundo la matofali kwenye kiwanja kile, mikono mitupu. Uzi mwingine alikuwa nao, mwashi hakosi uzi, lakini hakuuvuta. Majani yakaota sebuleni.

Mvua nyepesi zikaanza. Asubuhi moja Mama Pindo alifungua dirisha la chumba cha kushonea na kuona msumari wa karibu na mlango uko mtupu. Alitazama chini ya meza, akatazama kwenye kapu la nguo, kisha akachukua mwavuli.

Hakukaribia. Alisimama nyuma ya ua wa shule, pale miti ya ua ilipoachana, akaona uzi umevutwa kutoka pembe hadi pembe. Mwanawe alikuwa chini akipokeza matofali, na alikuwa amevaa koti la kahawia, kola ikiwa imesimamishwa kuzuia manyunyu. Juu ya jukwaa, Mzee Timazi alipokea, akatandaza saruji, akaweka. Alifanya kazi kama mtu anayekwepa kutazama jua. Kila alipoinama kuchukua tofali ilimbidi aone mabega yale ndani ya kitambaa kile, na kila alipoona, aliliweka tofali haraka bila kuutazama uzi. Mstari mzima ulijengwa hivyo, na ulipofika mwisho, hata kutoka nyuma ya ua Mama Pindo aliuona ulivyokwenda.

"Fundi," kijana alisema. "Mstari huu umepinda."

Mzee akatoa kile chuma mfukoni, akakiteremsha kwa uzi wake mbele ya ukuta. Hakikutulia. Kilipepea huku na huku kwa sababu mkono uliokishika haukutulia, na kadiri alivyojitahidi ndivyo kilivyozidi. Kijana akapanda hatua mbili za jukwaa, akanyoosha mkono, akakishika chuma kati ya vidole viwili mpaka kikanyamaa, akakiachia taratibu.

"Upo nje kwa kidole kizima," alisema.

"Nimeona."

"Unavunjwa?"

"Wewe ndiye mwenye nyumba."

Kijana aliinama, akapitisha kiganja kwenye mistari ya chini, ile ya zamani, mmoja baada ya mwingine, mpaka ulio kwenye msingi.

"Vunja huu tu," alisema. "Chini kuko sawa."

Mzee aligeuza mwiko akaanza kugonga. Mama Pindo aliingoja sauti ya tofali la kwanza linalotoka, akaisikia, akageuka kurudi. Fundi. Alilirudia neno hilo njiani kwa kulipima. Halikuwa baba mkubwa. Na alijua, kama anavyojua kitambaa kilichoungua kwa pasi, kwamba baba mkubwa halitarudi tena mdomoni mwa mwanawe. Wateja wa chokaa na saruji humwita "fundi" mwashi yeyote wanayemkuta njiani. Lakini neno hilo lilikuwa limetoka, na limejibiwa.

 

Dada Miwani alipiga simu jioni, kutoka mji wa mbali. Nyuma ya sauti yake zilisikika kelele za ukumbi mwingine.

"Mama, kila tunapokwenda wanauliza jambo moja. Yule mtoto wa nyuma ya ukuta aliishia wapi? Ninafikiria kuongeza onyesho dogo la mwisho. Kuna chochote kipya? Hata kidogo tu."

Mama Pindo aliangalia msumarini. Koti lilikuwa limerudi, limelowa, na mkono wa kulia ulikuwa na bonge la saruji toka kiwikoni hadi kwenye pindo.

"Waambie anajenga," alisema.

"Anajenga nini? Na nani? Yule mzee je?"

"Hilo waambie hujui."

"Lakini wewe unajua, mama."

"Mimi najua."

Alisubiri binti aage, akaiweka simu juu ya meza. Akalitoa koti, akaligeuza kwenye mwanga, akajaribu bonge kwa ukucha. Saruji ikishashika kitambaa haitoki bila kuondoka na nyuzi. Alilirudisha msumarini lilivyo, akalinyoosha mabega, akaliacha likauke.